Ufa wa Davie na Mawe ya Dodoma

Anayepanda Jiwe la Simba mjini Dodoma hukanyaga graniti ya kijivu, iliyojaa punje nyeupe na vipande vya mika vinavyometa juani. Miamba ya uwanda huu wa kati ina zaidi ya miaka bilioni 2.5. Sakafu ya Bahari ya Hindi ni changa mno kuliko miamba hiyo: hata mbele ya pwani ya Tanzania, ambako ni kongwe, haijafikisha miaka milioni 200.

Sakafu hiyo huzaliwa kwenye safu za milima iliyo chini ya maji, ambako zaha hupanda, huganda, kisha husukumwa pande mbili. Safu zenyewe hazikunyooka. Zimekatwakatwa, na kila mkato huacha ufa wa mamia ya kilomita. Sakafu ya upande mmoja wa ufa ni kongwe kuliko ya upande wa pili. Iliyo kongwe imepoa, imekuwa nzito, imezama zaidi. Ndiyo maana nyufa nyingi za bahari ni magenge marefu. Mwaka 1965 mwanajiofizikia wa Kanada, John Tuzo Wilson, alieleza jinsi mabamba ya dunia yanavyopishana ubavu kwa ubavu kwenye mikato hiyo.

Ufa unaoihusu Tanzania ni wa Davie, na uliochonga ufa huo ni mwendo wa Madagaska. Miaka ipatayo milioni 160 iliyopita kisiwa hicho, kikiwa bado kimeshikana na India, kiling'oka ubavuni mwa Afrika Mashariki, kikateleza kusini hadi kikatulia miaka milioni 120 hivi iliyopita. Njia yake ingalipo: tuta refu lililozama katika Mlango wa Msumbiji.

Tuta hilo halijalala. Bonde la Ufa linapoendelea kuipasua Afrika, udhaifu wa kale huamka. Mbele ya pwani ya kaskazini mwa Msumbiji sakafu inadidimia upya kando ya Davie. Agosti 12, 2020, tetemeko la ukubwa wa karibu 6 lilitokea baharini kusini mashariki mwa Dar es Salaam.

Nguvu hiyohiyo ya kuvuta inafika Dodoma, ambako tawi la mashariki la Bonde la Ufa linafifia na kuacha mipasuko kama ya Hombolo na Bubu. Novemba 2002 tetemeko la ukubwa wa 5.5 liliutikisa mji. Tangu hapo serikali imehamia, na maghorofa yanaota kila upande. Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania ina makao yake hapohapo Dodoma. Wajenzi wawaulize wataalamu habari za ardhi kabla ya kumwaga zege.