Waya Uliofichwa Ukutani Nao Ni Amana

Mkulima wa Bariadi hahitaji kufundishwa maana ya kughushi. Katika mkoa wetu wa Simiyu, ambao pamba ni uti wa mgongo wa uchumi wake, maonyo hayakomi: pamba isimwagiwe maji wala kuchanganywa na mchanga ili uzito uongezeke mizanini. Atendaye hivyo huificha hila yake katikati ya mzigo. Juu huacha nyeupe, safi na kavu. Hila ya namna hiyo nimeikuta mahali nisipoitarajia, katika nyaya za mtandao wa kompyuta.

Kamati ya msikiti wetu, ambayo mimi ni katibu wake, iliazimia kuziunganisha na intaneti kompyuta sita za madrasa. Fedha zilikuwa michango ya waumini: mama lishe, waendesha bodaboda na wakulima. Tuliletewa bei mbili za boksi la waya la mita 305, na moja ilikuwa karibu nusu ya nyingine. Nakiri kwamba mimi ndiye niliyeitetea ile ya chini, nikidhani nahifadhi mali ya waumini.

Kijana wetu mmoja, fundi wa kazi hiyo, akaomba ruhusa ya kusema. "Ustadhi, naomba kwanza muone kwa macho yenu." Akachukua kipande cha kila waya, akakikwangua kwa kisu. Cha kwanza kilikuwa shaba mpaka ndani. Cha pili, chini ya ngozi nyembamba ya shaba, kikatoa weupe wa alumini. Muuzaji alikuwa ametuhakikishia kuwa zote mbili ni shaba tupu.

Alumini hupitisha umeme kwa udhaifu kuliko shaba, hukatika upesi ikikunjwa, na hupata joto zaidi pale waya unapobebeshwa pia umeme wa kuendeshea kamera. "Leo utawaka," akasema, "lakini ukianza kusumbua, ukuta utakuwa umeshapigwa lipu."

Ndugu msomaji, karibu kazi yote ya fundi huyu hufichwa. Ndani ya waya mmoja mna nyuzi nane zilizosokotwa jozi nne, na msokoto huo ndio unaozuia mawasiliano ya jozi moja kuingiliana na ya nyingine. Fundi mwaminifu, afungapo kichwa cha waya, hafumui msokoto zaidi ya milimita 13. Hazidishi mita 100 kutoka swichi hadi kompyuta. Haulazi waya huo sambamba na nyaya za umeme, wala haukunji kwa kona kali. Mteja haoni lolote katika hayo. Huona taa ya kijani, akalipa.

Mtume (s.a.w.), kama ilivyopokewa na Imam Muslim, alipita sokoni penye fungu la chakula, akatia mkono wake ndani, vidole vikakuta unyevu. Mwenye mali alipojitetea kuwa ni mvua, aliulizwa kwa nini hakuuweka unyevu ule juu watu wakauona. Kisha Mtume (s.a.w.) akabainisha kuwa mwenye kughushi si miongoni mwake. Kisu cha kijana wetu kilifanya kazi ya mkono ule.

Baada ya kikao alinieleza jambo lililonikosesha usingizi: mara nyingi yeye hukosa kazi kwa sababu bei yake ni ya shaba halisi. Basi mwenye kosa si muuzaji peke yake. Sisi tunaotoa kazi huomba dua tupate vijana waaminifu, kisha kazi tunampa mwenye bei ya chini bila kuuliza ameipunguza wapi. Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, ulioanza kujengwa mwaka 2009, umeisogeza intaneti hadi mikoani. Lakini mita za mwisho, ndani ya shule, zahanati na ofisi, zimo mikononi mwa kijana mwenye koleo na kisu. Mzazi ambaye mwanawe anaipenda kazi hii asiidharau, ni riziki ya halali. Amfundishe tu kwamba Allah (S.W.) huona nyuma ya lipu.

Kamati ilinunua shaba. Fedha zilitosha kwa kompyuta nne. Mbili zinasubiri michango mingine. Tuliwaeleza waumini sababu baada ya Sala ya Ijumaa, na hakuna aliyenung'unika.

Allah atujaalie ndani yetu pafanane na nje yetu. Amin.