Je, Wajua? Aqal, Nyumba Inayopanda Ngamia

Je, wajua kwamba wafugaji wa nyika ya Garissa wana nyumba inayojengwa, kuvunjwa na kubebwa mgongoni mwa ngamia, kisha ikasimamishwa upya kwingine kwa vifaa vile vile? Wasomali huiita aqal. Mafundi wake ni wanawake. Bi harusi hutayarishiwa aqal yake ya kwanza na mama yake na jamaa zake wa kike, na tangu siku hiyo nyumba ni mali ya mke.

Mifupa yake ni miti iliyopindwa, iitwayo dhigo. Mingi hutokana na mizizi na matawi ya galool, aina ya mgunga. Ndani ya mti mna lignini, gundi inayoshikanisha nyuzi zake, nayo hulegea ikipata unyevu na joto. Ndiyo maana fundi huupinda mti ungali mbichi, akaufunga kwa kamba na kuuacha ukauke. Ukishakauka, hubaki na umbo hilo miaka nenda miaka rudi.

Matao hayo huchimbiwa ardhini na kufungwa kwa kamba, bila msumari hata mmoja, hadi yakawa kuba. Uzito wa paa hufuata mkunjo wa tao mpaka chini, na upepo hupita ubavuni kwa kuwa haukuti ukuta bapa wa kusukuma. Juu hutandikwa mikeka iitwayo kebed, iliyosukwa kwa nyuzi za magome na nyasi. Wakati wa kiangazi mianya yake hupitisha hewa. Mvua inyeshapo, nyuzi hufura na mianya hujibana. Siku ya kuhama, mikeka huwa tandiko la ngamia, na dhigo hufungwa juu yake pamoja na vyombo.

Wajenzi wa mandhari ya jukwaa nao wanalijua vyema tatizo ambalo aqal imelitatua: kujenga kitu cha kuvunjwa, kubebwa na kusimamishwa upya. Mwaka 1965 wanafunzi wa Makerere walianza kuzunguka na tamthilia zao katika viwanja na kumbi za Afrika Mashariki, na mwaka 1974 Chuo Kikuu cha Nairobi kikaanzisha kundi lake la kusafiri na kuonyesha michezo bure. Kundi la namna hiyo hubeba tu kinachoenea garini, husimamisha seti kwa muda mfupi, hucheza, hubomoa na kuondoka. Njia ya kawaida ni fremu za mbao nyepesi zilizowambwa kitambaa na kupakwa rangi, zikiegemezwa mihimili kwa nyuma. Ukumbini zinafaa sana. Ukizisimamisha katika uwanja wazi wa Dadaab, penye kambi za wakimbizi huko Garissa, upepo huzijaza kama tanga na kuziangusha.

Dadaab yenyewe ni ushahidi wa nguvu ya kuba. Kambi ya Ifo ilipofunguliwa mwaka 1991, ikifuatwa na Dagahaley na Hagadera, wakimbizi wengi walijenga makao kwa umbo lile lile la matao, wakayafunika kwa turubai, magunia na nguo kuukuu. Vifaa vilibadilika, ubunifu ukadumu.

Kuanzia mwaka 2013, vyuo vikuu vya Kenyatta na Moi pamoja na vyuo viwili vya Kanada vilishirikiana kuwafikishia wakazi wa kambi hizo masomo ya chuo kikuu. Elimu ya darasani ikawa imefika palipo na elimu hii ya mikono ya kujenga kwa matao, na sanaa ya jukwaa ina mengi ya kuchuma hapo. Matao sita ya kufunga kwa kamba yanaweza kuwa nyumba katika onyesho la kwanza, pango katika la pili na kibanda cha soko katika la tatu, kwa kubadilisha kifuniko tu. Mjenzi wa aqal huanza kwa kufikiria jinsi atakavyoivunja na kuipakia, ndipo hufikiria sura yake. Kanuni hiyo inastahili kufundishwa katika kila karakana ya jukwaa, na wa kwanza kualikwa kuifundisha wawe akina mama wanaoijua kazi yenyewe.