Uzi: “Si tufunge tu bomba la mafuta ya Uganda?”

Uzi mfupi. Sawa, si mfupi sana, lakini vumilia.

Kila tukikosana na Uganda, iwe ni maziwa, mayai, samaki au kile kisiwa cha Migingo, lazima mtu aandike: “Kwani mafuta yao si yanapita kwetu? Tufunge bomba waone.” Watu wanapenda, wanasambaza, mjadala unaishia hapo.

Mimi naona ni swali la maana, kwa hivyo tulichukulie hivyo. Ukiwa umeshika njia ya mafuta ya mwenzako, unaweza kumfanya nini? Na yeye atakufanya nini baadaye? Hii kitu imejaribiwa. Waarabu waliijaribu 1973. Sisi wenyewe tuliijaribu 1976. Halafu 2023 tukajipata ndani yake tena, safari hii bila hata kukusudia.

Tuanze na 1973.

Tarehe 6 Oktoba Misri na Syria zilishambulia majeshi ya Israeli. Wiki moja baadaye Marekani ikawa inapeleka silaha Israeli kwa ndege, waziwazi. Tarehe 17 Oktoba nchi za Kiarabu zinazouza mafuta zikakutana Kuwait na kuamua kupunguza uzalishaji kwa asilimia 5 kila mwezi. Siku chache baadaye zikaacha kabisa kuiuzia Marekani. Uholanzi nayo ikawekwa kwa orodha.

Angalia kwanza kilichotokea kwa urafiki. Nchi za Ulaya zilikuwa kwenye NATO pamoja na Marekani, lakini nyingi zilikataa ndege hizo zitue kwao. Ureno ndiyo ilikubali, kwenye visiwa vyake vya Azores. Tarehe 6 Novemba nchi tisa za Jumuiya ya Ulaya zikatoa taarifa iliyowaegemea Waarabu kuliko walivyokuwa wamezoea kusema. Japani ikafuata tarehe 22. Mwezi mmoja na nusu, na kila mshirika ameshaanza kutafuta mlango wake.

Kisa cha Uholanzi ndicho hunifurahisha. Magari yalipigwa marufuku Jumapili, watu wakaendesha baiskeli kwenye barabara kuu. Ilipoomba wenzake wa Ulaya wagawane mafuta, Uingereza na Ufaransa zikasita, hazikutaka kuwaudhi Waarabu. Basi Uholanzi ikawakumbusha kwamba kuna gesi asilia inayotoka kwake kwenda kwa majirani, Ufaransa ikiwemo. Ghafla mazungumzo yakawa rahisi.

Sasa mafuta yenyewe. Je, Marekani iliachwa kavu kwa sababu ilikuwa kwa orodha? Hapa ndipo wengi hukosea. Mafuta si ng'ombe mwenye alama sikioni. Meli ya Kiarabu ikikatazwa kwenda bandari moja inaenda nyingine, na ile ya nchi isiyo ya Kiarabu iliyokuwa inaenda huko inageuzwa. Kampuni za mafuta zilifanya hivyo, na upungufu ukagawanywa kwa karibu wote. Kilichouma zaidi ni kule kupunguza uzalishaji. Pipa lilitoka takriban dola 3 kabla ya vita hadi karibu dola 12 Januari 1974. Na bei haiulizi ulikuwa upande wa nani.

Sisi tulikuwa upande wa nani? Kenya ilivunja uhusiano wa kibalozi na Israeli tarehe 1 Novemba 1973, kama nchi nyingi za Afrika msimu huo. Kulikuwa na sababu za msimamo, ardhi ya Misri ilikuwa imekaliwa na Misri ni Afrika. Lakini pia kulikuwa na matumaini kwamba wenye mafuta wangetukumbuka kwenye bei. Hawakutukumbuka. Afrika ilipata mikopo na misaada, na benki ya BADEA ilitokana na mkutano wa Waarabu uliofanyika Algiers Novemba hiyo hiyo. Bei ya pipa tulilipa ileile ya maadui.

Tena Waarabu waliiwekea vikwazo Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi, kitu ambacho Afrika ilikuwa inalilia. Pretoria ikaendelea kununua kutoka Irani, ambayo si ya Kiarabu na haikuwa kwenye mgomo.

Vikwazo dhidi ya Marekani viliondolewa Machi 1974, lakini wanunuzi hawakurudi walivyokuwa. Novemba mwaka huo nchi tajiri zikaanzisha Shirika la Kimataifa la Kawi na kukubaliana kuweka akiba. Mafuta ya Bahari ya Kaskazini na ya Alaska, ambayo ni ghali kuchimba, yakaanza kuonekana kama biashara nzuri. Rungu lilipiga vizuri mara moja, halafu kila mtu akaenda kununua kofia ngumu.

Shika hiyo, turudi nyumbani.

1976. Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza bado iko, ingawa inakohoa. Reli, bandari, posta na shirika la ndege ni mali ya pamoja. Mwezi wa Februari mtawala wa Uganda anadai hadharani kwamba sehemu kubwa ya magharibi ya Kenya ni ya Uganda. Nairobi inakasirika kweli.

Halafu Juni ndege ya Ufaransa inatekwa na kupelekwa Entebbe. Usiku wa kuamkia tarehe 4 Julai makomando wa Israeli wanavamia uwanja na kuwaokoa mateka, na wakirudi ndege zao zinatua Nairobi na kujaza mafuta. Kumbuka, rasmi hatukuwa na uhusiano na Israeli. Ule wa 1973 ulikuwa bado umevunjwa, na haukurudishwa mpaka 1988. Kwa hivyo hayo mafuta ya ndege yalikuwa uamuzi wa sera ya nje, hata kama hakuna aliyeusoma bungeni.

Walioulipia kwanza ni Wakenya waliokuwa wakiishi Uganda. Waliuawa kwa kulipiza kisasi. Mtu akikwambia sera ya nje ni mambo ya mabalozi na chai, mwambie hapo.

Kenya ilijibu kwa kile ilichokuwa nacho, yaani njia. Ilisema Uganda ina madeni na ikataka bidhaa zilipwe kwa pesa za Kenya. Mafuta ya kwenda Uganda yakasimama. Uganda ikalia kwamba imewekewa vikwazo. Nchi isiyo na bahari, bila petroli, jeshi lenyewe linahesabu lita. Mwezi wa Agosti pande mbili zikaafikiana na mafuta yakaanza kupita tena.

Ilifanya kazi? Kwa wiki chache, ndiyo, na sitaki kudanganya mtu hapa. Jirani mwenye bunduki nyingi alirudi mezani kwa sababu ya tangi tupu, na hatukupigana vita. Ningekuwa Nairobi Julai hiyo pengine ningeunga mkono.

Lakini mwaka uliofuata Jumuiya ilikufa. Sababu zilikuwa nyingi, na ugomvi wetu na Tanzania ndio ulikuwa mzito zaidi, kwa hivyo nisilaumu bomba. (Bomba lenyewe la Mombasa hadi Nairobi lilianza kazi 1978. Wakati ule mafuta yalisafiri kwa reli na malori.) Kilichobaki ni kumbukumbu, kwamba Nairobi inaweza kufunga. Mwanzoni mwa 2008, ghasia za baada ya uchaguzi zilipong'oa reli pale Kibera na barabara zikafungwa, Uganda ilikosa mafuta kwa ugomvi usioihusu hata kidogo. Ukiwa mpangaji mipango Kampala ungefikiria nini?

2016 tukaona sehemu ya jibu. Uganda ilikuwa imegundua mafuta ghafi karibu na Ziwa Albert, na mwaka wa 2015 tulikuwa tumeongea nayo kuhusu bomba la kupitia Lokichar hadi Lamu. Aprili 2016 wakatangaza: Tanga, Tanzania. Kilomita 1,443, tena bomba la kupashwa joto kwa sababu mafuta yale huganda. Sababu zilizotolewa ni gharama, ardhi na usalama wa kaskazini mwa Kenya, na zote zina uzito. Sisemi kwamba 1976 ndiyo iliyoamua. Nasema tu hakuna anayeweka mayai yote mawili kwa kikapu cha jirani aliyewahi kukivuta: mafuta ya kuingia yanapita Kenya, ya kutoka yapite kwingine.

Sasa 2023.

Dola zilikuwa adimu. Machi, serikali ikaacha mfumo wa zabuni ya wazi ambapo kampuni zilishindania kuagiza mafuta, ikaingia mkataba wa serikali kwa serikali na kampuni tatu za Ghuba: Saudi Aramco, ADNOC na ENOC. Mafuta unachukua leo, unalipa baada ya siku 180. Lengo lilikuwa kupunguzia shilingi presha. Ulifaa au haukufaa, hiyo ni vita nyingine, na mimi siiingilii leo.

Hapa mjadala wetu wote ulikuwa bei ya pampu. Karibu hakuna aliyeuliza: na Uganda? Zaidi ya asilimia 90 ya mafuta yao yalipita kwetu, na wafanyabiashara wao walikuwa wakinunua kutoka kwa kampuni za Kenya. Tulibadilisha mfumo wetu, na wao wakajikuta ndani. Kampala ikasema mpangilio huo unawaongezea gharama na kuwaweka katika hatari ya kukosa mafuta. Rais wao akalalamika hadharani kuhusu madalali.

Novemba 2023 bunge lao likabadilisha sheria ili kampuni ya taifa, UNOC, iwe mwagizaji pekee, ikinunua kutoka Vitol. UNOC ikaomba leseni Kenya ili ipitishe mafuta yake. Tukasema haijatimiza masharti. Desemba Uganda ikatupeleka Mahakama ya Afrika Mashariki, Arusha.

Soma hiyo tena. Mteja mkubwa kuliko wote wa mizigo inayopita Mombasa kwenda nje ametushtaki. Na hakuwa anapiga kelele bure, maana nchi isiyo na bahari ina haki ya kupitisha mali yake chini ya sheria ya kimataifa ya bahari, na mkataba wa Jumuiya unazungumzia soko moja. Wakati huohuo akaanza kuongea na Tanzania kuhusu njia ya kusini. Ni ndefu zaidi na haina bomba kama letu, lakini ipo.

Tulikubali 2024, na kuanzia Julai mwaka huo UNOC inaleta mafuta yake yenyewe. Sasa lori la Uganda likipakia Eldoret au Kisumu, yale mafuta ni yao tangu kwenye meli. Sisi tunalipwa ada ya kupitisha na kuhifadhi. Ile faida ya katikati waliyokuwa wakipata wauzaji wa Kenya imeenda, na imeenda bila mtu kufunga bomba hata siku moja. Shuku tu ilitosha.

Kwa hivyo kwa wale wa “tufunge waone”: mfano wa kufunga tunao, ulifanya kazi wiki chache. Nipeni mfano wa siku ya baada ya hizo wiki chache. Nasubiri hapa chini.

Na anayeuliza kuhusu mafuta ya Turkana, nitaandika uzi wake. Hayo yana kesi yao.