Je, Wajua? Bukavu kwa Kinga, Ukitokea Nyangezi

Je, wajua kwamba neno letu «kinga» lina mipaka yake? Bujumbura watakuelewa, maana kwa Kirundi ni «ikinga». Ukivuka daraja la Ruzizi kuingia Rwanda ni «igare». Ukifika Dodoma ukasema umekuja kwa kinga, watadhani umetoka kuchanjwa. Kule ni baiskeli.

Je, wajua kwamba tairi la upepo la kinga lilibuniwa kwa ajili ya mtoto? John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo aliyekuwa akiishi Belfast, alitaka kibaiskeli cha mwanawe kisirukeruke juu ya mawe, akakivalisha mpira uliojazwa hewa. Alipata hataza yake 1888. Baada ya miaka michache Ulaya na Marekani zilishikwa na homa ya baiskeli, na mpira ukatafutwa kila kona ya dunia. Sehemu yake ilitoka huku kwetu, katika Kongo ya mfalme Leopold II, ambako vijiji vilipangiwa kiasi cha mpira wa kuleta, na vilivyoshindwa vililipa kwa viboko, kwa mateka, kwa mikono iliyokatwa.

Je, wajua kwamba historia hiyo ya mpira iliwahi kuandikwa kwenye ramani yetu? Paul Costermans alikuwa makamu wa gavana mkuu wakati tume ya uchunguzi wa ukatili huo ilipofika Kongo. Mwaka 1905 alijiua. Baadaye Wabelgiji wakaupa mji wa Bukavu jina lake: Costermansville. Likakaa hadi miaka ya 1950, jina la wenyeji liliporudi. Wazee husema limetoka katika neno la Mashi la ng'ombe, «nkafu»: mahali pa ng'ombe. Mimi nalipenda zaidi hili la ng'ombe.

Je, wajua kwa nini Bukavu ina kinga chache? Ziwa Kivu liko mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, na mitaa mingi ya mji imening'inia juu yake. Mtu na kinga yake wakifika kilo 90, mwinuko wa asilimia 10 ni kama kufungiwa kamba mgongoni yenye kuvuta kilo 9 kurudi nyuma. Ndiyo maana motari, waendesha pikipiki za abiria, wamejaa mjini.

Je, wajua kwamba pamoja na hayo mzunguko mwepesi upo? Siri ni kutoukata mlima: fuata mgongo wake. Mji umeingia ziwani kwa rasi tano, kama vidole vya mkono, na njia zinazokwenda kwa urefu wa rasi huinuka kidogo tu. Rasi ya La Botte, iliyopewa jina hilo la Kifaransa kwa kufanana na kiatu cha buti, ndiyo ya kwanza kumpeleka mgeni. Nenda asubuhi, kabla magari hayajaamka. Ziwa utaliona kushoto na kulia, na nyumba za zama za Wabelgiji zenye pembe za mviringo bado zimesimama, nyingine zimebabuka rangi mpaka saruji inaonekana.

Je, wajua kwamba anayetokea Nyangezi hupokelewa mjini na wasomi? Barabara yetu huingilia Panzi, kwenye Chuo Kikuu cha Kiinjili katika Afrika (UEA), kilichoanza 1991. Hapohapo Panzi ndipo Denis Mukwege alipoanzisha hospitali 1999. Mwaka 2018 alipewa Tuzo ya Amani ya Nobel pamoja na Nadia Murad. Chuo Kikuu cha Kikatoliki (UCB) kina umri wa tangu 1989, na kile cha serikali, UOB, kilizaliwa kama tawi la Kisangani. Cambridge ya Uingereza, tambarare kama meza na yenye baiskeli kila ukuta, ilianza 1209. Tumechelewa miaka 780, lakini wao hawana ziwa.

Je, wajua Place Mulamba ni ya nani? Léonard Mulamba, kanali aliyeulinda mji dhidi ya waasi wa Simba mwaka 1964, kisha akawa waziri mkuu 1965.

Je, wajua kwamba Nyawera, unapopita ukipiga kengele, ndipo askofu mkuu Christophe Munzihirwa alipouawa tarehe 29 Oktoba 1996? Hapo mimi huteremka na kusukuma kwa mkono.

Je, wajua kwamba shule ya Wajezuiti ya Alfajiri, mjini humo, zamani iliitwa Notre-Dame de la Victoire?

Je, wajua kwamba mashindano ya dunia ya baiskeli ya barabarani yalifika Afrika kwa mara ya kwanza Septemba 2025, jirani hapa Kigali? Wanaume walipewa kilomita 267.5 zenye jumla ya mita 5,475 za kupanda. Alishinda Tadej Pogačar wa Slovenia, na waliofika mwisho ni 30 tu. Usione haya kusukuma.

Je, wajua kwamba Ruzizi hushuka karibu mita 700 kutoka Kivu hadi Tanganyika, na sehemu kubwa ya mshuko huo huishia kabla ya Kamanyola? Ndiyo sababu mabwawa ya umeme yamejengwa juu huku, la kwanza 1958. Ndiyo sababu pia mteremko wa Ngomo, chini ya Nyangezi, unaogopwa na kila dereva. Ukishuka Ngomo kwa kinga, usiikamate breki moja kwa moja mpaka chini: bana, achia, bana, achia, rimu ipate kupoa. Na uliza kwanza habari za njia siku hiyo. Ukifika Kamanyola nchi inalala, na kinga inageuka punda: mikungu ya ndizi, miwa, bidoni tatu nyuma na moja mbele.

Je, wajua jinsi ya kumjua fundi mzuri wa kinga? Tazama beseni lake. Huutumbukiza mpira wa ndani majini kidogo kidogo, akiuzungusha kwa vidole, mpaka vipovu vipande. Wa kawaida hukwangua na kubandika hapohapo. Mzuri huchomeka njiti ya kiberiti kwenye tundu, kisha huendelea kuuzungusha mpaka mwisho, kwa sababu msumari ulioingia upande mmoja mara nyingi umetokea na wa pili.