Kompyuta ya Ofisi ya Usharika: Tuhesabu Gharama, Tupime na Thamani

Katika toleo hili tumeona vema tueleze jambo ambalo kamati nyingi zimetuuliza: tunaponunua kompyuta ya mezani na skrini yake, tuangalie nini? Swali hili lilikuja kwa uzito tulipoitwa Kingerikiti, wilayani Nyasa, kukaa na kamati iliyokuwa na shilingi 1,200,000 mkononi. Fedha hizo zilitokana na mavuno ya kahawa na sadaka za akina mama, wengine wakiwa wametoa debe la mahindi kwa kukosa fedha taslimu. Hazikuwa fedha za kuchezea.

Mapendekezo yalikuwa mawili. La kwanza lilikuwa kununua kompyuta mbili kubwa za mtumba, kila moja na skrini yake, kwa shilingi 550,000. Moja ingekaa kwa mhazini na nyingine kwa mwalimu wa chekechea. La pili lilikuwa kununua kompyuta moja ndogo iliyofanyiwa ukarabati, yenye dhamana ya mwaka mmoja, na skrini mpya. Wajumbe wengi walivutwa na la kwanza, kwa kuwa mbili ni nyingi kuliko moja. Ndipo mama mmoja, mzee wa kanisa, akauliza: "Hizo kompyuta zitafanya kazi gani, na zitaifanya kwa miaka mingapi?" Swali hilo ndilo lililotuongoza siku nzima.

Bei ni mwanzo tu wa gharama

Bei hulipwa mara moja dukani. Gharama huendelea kulipwa kila siku kompyuta inapotumika: umeme, fundi, nauli ya kuipeleka Mbinga au Songea ikiharibika, na siku ambazo kazi inasimama. Thamani nayo ni ile kazi inayofanyika: hesabu zinazofungwa kwa wakati, daftari la ubatizo linalosomeka, taarifa inayomfikia mfadhili kabla hajaiulizia.

Nchi yetu ililijua jambo hili mapema. Kompyuta ya kwanza nchini ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta, baada ya mfumo wa kutunza hesabu kwa mashine hizo kuleta hasara. Marufuku ililegezwa baadaye, lakini funzo limebaki: mashine isiyoandaliwa mazingira na watu wa kuitumia ni mzigo, hata ikiwa ya kisasa namna gani.

Nasi katika ofisi ya miradi tulijifunza kwa machungu. Miaka ya nyuma tulinunua kompyuta kwa sababu tu ilikuwa ya bei ya chini. Diski yake ilikufa ikiwa na hesabu za miaka miwili, na hatukuwa na nakala. Tulirudia kuziingiza risiti moja moja, taarifa ikachelewa, na awamu iliyofuata ya msaada nayo ikachelewa. Waliosubiri ni wanakijiji waliokuwa wameshachimba mtaro wa bomba la maji. Tangu hapo tunaamini usemi wa wazee kwamba rahisi huwa ghali.

Umeme

Mwaka 2018 mkoa wetu wa Ruvuma uliunganishwa na gridi ya Taifa kwa njia ya Makambako hadi Songea. Kabla ya hapo tulitegemea majenereta ya dizeli. Hata hivyo umeme bado hukatika, hasa wakati wa mvua na radi, na sharika kadhaa zinatumia sola. Kwa hiyo tusome wati kabla ya kusoma bei.

Tuchukue mfano. Kompyuta kubwa ya zamani na skrini yake ikitumia wati 120 kwa saa sita, siku 22 za mwezi, italamba yuniti 16 hivi. Kompyuta ndogo ya wati 25 na skrini bapa ya wati 20, jumla wati 45, itatumia yuniti 6. Tofauti ni yuniti 10 kwa mwezi, yaani yuniti 600 kwa miaka mitano. Zidisheni kwa bei mnayoiona kwenye risiti yenu ya LUKU.

Kwenye sola tofauti ni kubwa zaidi. Betri ya volti 12 na ampia-saa 100 inabeba wati-saa 1,200. Ili idumu, betri ya asidi tusiitumie zaidi ya nusu, na invata nayo hula sehemu yake. Tukibaki na wati-saa 500, kompyuta kubwa itafanya kazi saa nne na dakika chache, na ile ndogo saa 11. Mashine ya kwanza inazimika saa sita mchana, ya pili inamaliza siku.

Kompyuta yenyewe

Kazi ya ofisi ya usharika ni barua, hesabu, orodha za washarika na baruapepe. Haihitaji mashine ya kifahari. Inatosha yenye kumbukumbu ya RAM ya GB 8 na diski ya SSD. Diski ya SSD haina sehemu inayozunguka, hivyo inastahimili mtikisiko wa barabara zetu na inawaka haraka.

Tuulize pia umri wa programu. Microsoft iliacha kutoa marekebisho ya kawaida ya usalama kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0, na kompyuta nyingi zilizotengenezwa kabla ya 2018 hazikubaliki. Muuzaji akisema "inafanya kazi vizuri", aombwe kuonyesha inatumia programu gani. Kompyuta ya zamani inaweza kuwekewa Linux, ambayo ni ya bure, lakini awepo anayeijua.

Skrini

Skrini huishi kuliko kompyuta. Ikichaguliwa vizuri itatumika na mashine ya pili, hata ya tatu. Kwa mhazini anayesoma safu za tarakimu, inchi 19 hadi 22 zinatosha; kubwa zaidi ni kuongeza bei na umeme. Iwasheni dukani, mtazame kama kuna vidoti vilivyokufa au upande uliofifia. Angalieni pia tundu la waya: skrini ya zamani yenye VGA peke yake haitaingiliana na kompyuta yenye HDMI pasipo kiunganishi. Tumeona mashine ikikaa wiki mbili katika boksi kwa kukosa kifaa hicho kidogo.

Uamuzi wa Kingerikiti

Baada ya hesabu, kamati ilichagua pendekezo la pili. Kompyuta ilikuwa shilingi 520,000, skrini 230,000, yupiesi ya kulinda mashine umeme unapokatika ghafla 180,000, na diski ya nje ya kuhifadhi nakala 130,000. Jumla ni shilingi 1,060,000. Zilizobaki 140,000 zilitengwa kwa mafunzo ya watu wawili. Tulisisitiza wawe wawili, maana mmoja akihama, ujuzi usihame naye. Radi inaponguruma, plagi inachomolewa ukutani. Yupiesi peke yake haizuii radi.

Hatufichi kwamba uamuzi huu una upande wake wa kuumiza. Mwalimu wa chekechea amekosa kompyuta, na alikuwa na matumaini. Kamati imeahidi kurudi kwake msimu ujao wa kahawa, nasi tumeiandika ahadi hiyo ili tukumbushane.

Kwa wafadhili wetu tuna ombi moja. Mnapofikiria kututumia kompyuta zilizotumika, tuulizeni kwanza wati, umri na programu zake. Mara nyingine thamani ya nauli ya mzigo ingetosha kununua moja iliyo bora hapa hapa nchini. Nanyi wanakamati, daini risiti ya EFD na dhamana ya maandishi, kisha mhifadhi nakala ya kazi kila Ijumaa na kuiweka nyumba nyingine.

Yule mtu wa kwenye mfano wa Injili aliyetaka kujenga mnara aliketi kwanza akahesabu. Nasi tuketi. Kamati yoyote inayojiandaa kununua inakaribishwa ofisini kwetu na hesabu zake. Tutazipitia pamoja kabla fedha haijatoka.