Pua Imeenda? Cheki Vile Daktari Hukuundia Ingine na Ngozi ya Paji la Uso

Kuna picha ukiicheki unaweza dhani ni ya muvi ya kutisha: msee ana mkonga mdogo wa ngozi umetoka kwa paji la uso, ukajipinda kando ya nyusi, ukashikana na pua. Usipite mbio. Huyo anarudishiwa sura yake.

Hii si kitu ya juzi. Huko India, maandishi ya zamani ya Sushruta yalieleza vile pua huundwa na ngozi ya shavu. Mambo ya paji la uso ikafika Uingereza kupitia jamaa anaitwa Cowasjee, aliyeendesha mikokoteni ya ng'ombe ya jeshi la Waingereza. Mwaka wa 1792 alishikwa na watu wa Tipu Sultan, wakamkata pua na mkono. Alikaa bila pua zaidi ya mwaka, kisha fundi mmoja karibu na Poona akamuundia ingine. Jarida moja la London likachapisha hiyo stori 1794. Daktari Joseph Carpue akaisoma, akajifunza kwa maiti kwanza, na 1814 akajaribu kwa afisa wa jeshi. Ikaweza.

Sasa utauliza, si wangetoa tu ngozi kwa paja wabandike? Shida ni damu. Ngozi ikikatwa yote lazima ipate damu kutoka chini yake, na pahali pua imeliwa na saratani ama imeng'atwa na mbwa, mara nyingi hakuna kitu ya kuilisha. So daktari anachora umbo la pua kwa paji la uso, juu chini. Anakata, lakini anaacha kishina karibu na nyusi chenye mshipa wa damu. Anageuza ngozi, anashona. Kama ule mfupa laini wa pua umeenda, anatoa mwingine kwa sikio ama kwa mbavu. Na juu ni ngozi ya uso, rangi inaingiana.

Baada ya kama wiki tatu, pua imejitengenezea njia zake za damu. Hapo ndio kishina hukatwa.

Ukiambiwa utafanyiwa hii kitu, shika mambo mawili. Moja, fegi wacha kabisa: hubana mishipa, na hiyo ngozi inaweza kufa. Mbili, kama vidonda vyako hufura makovu makubwa, mwambie daktari mapema, juu sisi wenye ngozi nyeusi hupatwa na hiyo sana.

Lakini ngumu zaidi ni hizo wiki tatu. Mtu bado lazima apande matatu, aende dukani, apeleke mtoto shule. Wengine hujifungia kwa nyumba, wengine huogopa operesheni yote wakabaki na shimo maisha yao yote. So ukipatana na yeye, weka simu mfukoni. Msalimie tu vile ungesalimia mtu yeyote. Pua inakuja.