Kilo Tatu za Dawa, Plasta Hakuna!

Usinicheke. Mara ya kwanza nilipotoka Lushoto kwenda Mtae kwa miguu, safari ya siku tatu, shangazi yangu wa Tanga alinifungia dawa kana kwamba naenda vitani. Chupa ya spiriti, chupa ya dawa ya kikohozi, pamba furushi zima, mafuta ya kuchua makopo mawili, na vidonge vya kila rangi ambavyo hata yeye hakumbuki vilikuwa vya nini. Muuza viazi mmoja pale sokoni Lushoto akatupimia kwenye mizani yake: kilo tatu na ushee!

Binamu yangu yeye alivaa raba mpya, kazinunua jana yake. Hapo ndipo kimbembe kilipoanzia.

Ndani ya msitu wa Magamba akasema kisigino kinamwaka. Nikamwambia twende bwana, mtoto wa kiume halii. Kufika Lukozi jioni, lengelenge lilikuwa kubwa kama kifungo cha koti. Nikapekua mfuko. Chupa ya spiriti ilishapasuka, nguo zote zanuka hospitali. Plasta? Hata moja! Jamaa kwa hasira akalitoboa kwa pini ya shati, akaichuna na ngozi. Kesho yake akatembea na kandambili mpaka Rangwi, vumbi na matope vyote humo humo.

Asubuhi ya tatu mguu ulikuwa umevimba hadi kwenye kifundo, una joto, na mstari mwekundu unapanda juu. Mzee aliyekuwa akituongoza njia alipouona tu akasema, "Wanangu, safari imeisha. Huyu ni wa hospitali." Pikipiki ilikuwepo, ila hela tulishazila. Mzee wa watu ndiye aliyetukopesha nauli. Binamu alichomwa sindano hadi akakoma.

Mwaka uliofuata nilifunga mwenyewe. Kikopo kimoja cha plastiki, robo kilo hakifiki. Cha kwanza plasta ya kitambaa, ile ya kukata kwa mkasi. Kisigino kikianza kuwaka unasimama hapo hapo, unavua kiatu, unakausha mguu, unabandika kabla lengelenge halijatoka. Likishatoka usilichune, ngozi ile ndiyo kifuniko chake.

Halafu kipande cha sabuni, maana kidonda huoshwa kwa maji safi na sabuni, spiriti inaunguza nyama bure. Bandeji ya kuvutika kwa mguu ulioteguka. Gozi kidogo, wembe mpya ndani ya karatasi yake, panadol kumi, na pakiti nne za ORS. Tumbo likiharibika huko juu, kinachomaliza mtu ni kukaukiwa maji. Pakiti zikiisha, chukua lita moja ya maji yaliyochemshwa, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Usizidishe chumvi! Mwenye pumu asisahau dawa yake ya kuvuta, hiyo haiazimwi njiani.

Eti wembe ni wa nyoka? Hapana, ni wa kukatia plasta. Aliyeumwa na nyoka hachanjwi, hanyonywi sumu, wala hafungwi kamba ya kubana. Mvue pete na saa kabla hajavimba, mtulize, asitembee, mguu usichezechezwe, abebwe hospitali upesi.

Ndiyo maana chini kabisa ya kikopo niliweka noti za pikipiki, nimezikunja ndani ya gozi.

Tulifika Mtae jua linazama, Mkomazi yote iko chini yetu. Binamu alitangulia mbele na raba zile zile, sasa zimelegea. Plasta ilibaki nusu. Noti hazikuguswa, nusu tukazinywea chai ya tangawizi, maana baridi ya pale si mchezo, na nusu ikawa nauli ya basi la alfajiri.